Mwambie Mtu Huyo Alegeze Nati

Kwanza ulisikika mlio: kacha! Mlio mkavu, kama wa mtu aliyevunja kuni nene kwa goti lake. Ukafuata wa chuma kikiburuzwa mchangani, krrrr, kisha sauti za wanawake wakimwita Mungu kwa lugha tatu. Halafu kimya.

Mohamednoor aliyasikia yote hayo akiwa kwenye usukani wa lori la mbele, na hakuona hata moja. Nyuma yake palikuwa na vumbi jekundu lililosimama kama ukuta. Akakanyaga breki, akazima injini, akainamisha kichwa.

"Springi," alisema. "Ya nyuma, upande wa kushoto. Bamba kubwa limekatika katikati."

"Umeonaje?" aliuliza Nurto, mkewe, aliyeketi kando yake upande wa dirisha.

"Sikuona. Nimesikia."

"Basi shuka upesi ukamwulize kaka yangu kama ameumia!"

Mohamednoor akamtazama. Nurto naye akakumbuka, akauma mdomo wa chini, akageukia dirishani.

Kwa maana kumwuliza kaka yake Nurto kama ameumia ndilo jambo ambalo Mohamednoor, katika dunia nzima, hakuwa na ruhusa ya kulifanya. Na ruhusa hiyo aliipoteza kwa mdomo wake mwenyewe.

Ilikuwa miezi miwili nyuma, katika hoteli moja ya chai pale Garsen. Bulle, kaka yake Nurto, dereva kama yeye na wa tajiri yule yule, alisema mbele ya watu kwamba shemeji yake huendesha lori kama mtu aliyepakata mayai ya mama mkwe. Watu wakacheka. Mohamednoor akajibu kwamba afadhali mayai kuliko Bulle, ambaye huendesha kama anayemkimbiza fisi aliyemnyang'anya kanzu. Watu wakacheka zaidi. Hapo wangekoma wangekuwa wamepata burudani ya bure, lakini wote wawili walikuwa vijana, na wote wawili walikuwa na sauti nzuri. Kutoka kwenye malori wakaingia kwenye ng'ombe wa mahari, kutoka kwa ng'ombe wakawafikia marehemu babu zao, na hapo Mohamednoor akaipiga meza kwa kiganja hata vikombe vikaruka.

"Mashahidi mko hapa!" alinguruma. "Nikimsemesha Bulle neno moja kabla yeye hajanisemesha mimi, basi Nurto si mke wangu!"

Watu wakageuziana macho. Kila mtu mle ndani alijua kwamba Mohamednoor alikwisha kumpa Nurto talaka mbili na kumrejea, ya kwanza kwa sababu ya chumvi, ya pili kwa sababu ya bawaba ya mlango. Ilibaki moja tu, ile isiyo na kurejea. Na hiyo moja ndiyo aliyoitundika sasa kwenye ncha ya ulimi wake, ulimi ambao watu wa Garsen waliufahamu vizuri.

Bulle angeweza kuyamaliza mambo kwa salamu moja. Yeye hakuapa chochote. Lakini alikuwa na kiburi cha kutosha watu wanne, akatangaza kwa kila mtu isipokuwa Mohamednoor kwamba hatamsalimu mtu aliyewataja babu zake mpaka aombwe radhi. Na Mohamednoor angemwombaje radhi mtu asiyeweza kumsemesha? Miezi miwili ikapita hivyo, wakipishana kama milango miwili ya nyumba mbili.

Ndipo ikaja harusi ya Kafia, mdogo wao Bulle na Nurto, huko Chewele. Mto ulikuwa umefurika kwa mvua za bara, ijapokuwa Garsen yenyewe haikuwa imepata tone, na njia ya kando ya mto ilizama kuanzia Kulesa. Tajiri akatoa malori yake mawili yachukue watu wa harusi, yazunguke kwa nyika kavu.

"Na nyikani haliendi lori moja peke yake," aliwaambia madereva wake, amesimama katikati yao. "Moja likikwama, la pili linangoja. Nani ameapa nini, hayo yapelekeni kwa Maalim. Mimi nauza chumvi."

Sasa jua lilikuwa limepanda, ndoa ilikuwa kesho asubuhi, na lori la Bulle lilikuwa limelala upande kama ngamia aliyekataa mzigo.

Mohamednoor alishuka, akatembea mpaka pale, akasimama hatua mbili kutoka kwa Bulle na kumpa mgongo. Abiria walikuwa wakishuka, wakijikung'uta. Mmoja wao alikuwa Mama Gladys, mkulima wa Kulesa, mwanamke mpana mwenye kitambaa cheupe kichwani, aliyekuja na magunia manne ya mchele wa karamu.

"Mama Gladys," alisema Mohamednoor, "hebu mwulize mtu huyo kama ameumia."

Gladys akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mtu yupi?"

"Huyo aliye karibu nawe."

"Huyu Bulle?"

"Huyo."

"Bulle, umeumia?"

"Mwambie aliyeuliza," alisema Bulle, akiikunja mikono ya shati lake, "kwamba mimi mzima. Kilichoumia ni gari."

"Asema yeye mzima, kilichoumia ni gari."

"Nimesikia."

"Kama umesikia, mimi naitwa wa nini?" aliuliza Gladys.

Akaelezwa. Wanawake watatu walimweleza kwa wakati mmoja, na kadiri alivyoelezwa ndivyo macho yake yalivyozidi kukua. Mwisho akamwendea Nurto, aliyekuwa amesimama kivulini mwa lori la mumewe, akamshika mkono.

"Mwanangu, ni kweli? Wewe ndoa yako imefungwa kwenye mdomo wa huyu?"

"Kweli, mama."

"Basi tumfunge mdomo kwa kitambaa."

"Nimekwisha kulifikiria hilo," alisema Nurto.

Hata hivyo kazi ilikuwa lazima ifanywe, na mtu pekee aliyeijua alikuwa Mohamednoor. Bulle alijua kuendesha. Mohamednoor alijua gari linavyoumia na linavyopona, na hata Bulle hakuwahi kulipinga hilo, isipokuwa kwa sauti. Springi ile haikuwa na badala yake mpaka Mombasa. Ilibidi wakate mti mbichi, wauchonge, waulaze ubavuni mwa bamba lililokatika, kisha waufunge kwa mikanda ya ngozi iliyoloweshwa. Ngozi ikikauka juani hujikaza, na ikijikaza hushika kama chuma.

Ngozi ilipatikana kwa Dida, Mworma aliyekuwa akiwaonyesha njia, ambaye alikuwa amekalia ngozi ya ng'ombe tangu Garsen. Hiyo ilikuwa godoro lake, mwavuli wake na mkeka wake. Aliitazama kwa huzuni, akapiga hesabu ya siku zilizobaki, kisha akaivuta kutoka chini yake na kusema, "Harusi. Nyama mimi kwanza." Wakamkubalia kwamba atakula kwanza. Wakaikata mikanda, wakailoweka katika nusu debe la maji, huku wenye kiu wakitazama kando.

Kazi ikaanza, na mateso ya Mama Gladys yakaanza nayo.

"Mama Gladys, mwambie mtu huyo alegeze nati."

"Bulle, legeza nati."

"Mwulize nati zipi."

"Nati zipi?"

"Mwambie zile nne zinazoshika springi, aanze na za nje."

"Nne za springi, za nje kwanza."

"Mwambie najua."

"Asema ajua."

"Mwambie kama angejua, asingeshika spana namba hiyo."

Gladys akafungua mdomo, akaufunga. "Hilo sipeleki. Hilo ni tusi, si nati."

Watu wakaangua kicheko, hata Bulle alificha uso nyuma ya gurudumu. Mohamednoor hakucheka. Alikuwa akitokwa na jasho zaidi ya anayefanya kazi. Kila sentensi aliipima kabla ya kuitoa, akiitazama huku na huku kama mtu anayevuka mto wenye mamba, na kila ilipofika salama kwa Gladys alimtupia jicho Nurto. Nurto alikuwa amekaa juu ya debe, mikono magotini, anahesabu maneno ya mumewe yakitoka.

Mohamednoor alimwendea Maalim Abdirahim, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa akipelekwa Chewele kuifunga ndoa ya Kafia. Maalim alikuwa amelala chini ya mgunga, amejifunika uso kwa kilemba. Kuyumba kwa lori kulikuwa kumemtoa kifungua kinywa chake na chakula cha jana yake.

"Maalim, nina swali."

"Uliza polepole, mwanangu. Dunia bado inazunguka."

"Nikilisemesha gari. Nikasema, ewe gari, laiti nati yako ya kulia ingelegezwa kwanza. Na mtu fulani akasikia. Nitakuwa nimemsemesha?"

Maalim akafunua jicho moja. "Nia yako itakuwa ni gari?"

"Nia yangu... ni nati."

"Nati itakayolegezwa na nani?"

Mohamednoor akakuna kichwa.

"Usijaribu," alisema Maalim. "Mungu hachezewi kwa nati."

"Na ishara? Nikimwonyesha kwa mikono?"

Hapo Maalim alifikiri mpaka rangi ikamrudia usoni. "Ishara ya bubu ni maneno, kwa sababu hana kingine. Wewe si bubu, na laiti ungekuwa. Ishara yako ni ishara tu. Hiyo fanya."

Mohamednoor akarudi kwa furaha. Bulle alikuwa ameileta jeki na ubao wa kuiweka juu yake, maana mchanga wa pale ulikuwa laini kama unga. Mohamednoor aliuona ubao ule akashtuka. Ulikuwa umetoka kwenye kasha la sabuni. Akaunyooshea kidole, akatikisa kichwa, akavunja kijiti hewani, akajifanya amepondwa, akatoa ulimi nje.

Bulle akamwuliza Gladys, "Huyo ana kifafa?"

"Mama Gladys," alisema Mohamednoor, "mwambie mtu huyo ubao ni mwembamba. Aende akatoe ule mnene wa sakafu ya lori langu."

"Ubao ni mwembamba, Bulle. Chukua wa lori lake."

"Mwambie lori langu lina ubao wake. Sihitaji ubao wa mtu anayewataja marehemu."

Gladys hakupeleka jibu. Aliivua kanga iliyokuwa begani, akajifunga kiunoni, ishara ambayo watu wa Kulesa wakiiona hupisha njia.

"Sikilizeni, nyote wawili. Mimi nimepanda gari hili na magunia manne ya mchele. Sikupanda kubeba maneno. Na maneno yenu yananiumiza mgongo kuliko mchele! Kwetu mtu akigombana na shemeji yake, hupeleka kuku, na shemeji humla huyo kuku, mambo yakaisha. Nyinyi mmemweka mtu mzima, Nurto, mahali pa kuku. Mimi naenda kuchemsha chai."

Akaenda. Mohamednoor akamtazama mkewe kwa macho ya kuomba.

"Usinitazame," alisema Nurto. "Mimi ndiye niliyewekwa rehani. Siwezi kuwa rehani na tarishi siku hiyo hiyo."

Akabaki Dida. Dida alikubali kwa moyo mweupe, lakini Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na sehemu kubwa yake ilihusu ng'ombe. Mohamednoor alipomwambia, "Mwambie mtu huyo apandishe jeki polepole," Dida aliinama chini ya lori akasema, "Bulle! Simamisha mguu ya nyuma. Usipige." Na ajabu ni kwamba Bulle alielewa. Lori likanyanyuka. Nati zikatoka, mti mbichi ukaingia mahali pake, mkanda wa kwanza ukazungushwa, wa pili ukazungushwa. Dida akaenda kuleta mkanda wa tatu kutoka kwenye debe, hatua thelathini hivi, anatembea kwa mwendo wa mtu ambaye hajawahi kuchelewa mahali.

Bulle alikuwa chini ya lori chali, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Mohamednoor alikuwa amechuchumaa kando, na hivyo ndivyo alivyouona ubao wa kasha la sabuni ukianza kujikunja.

Aligeuza shingo kumtafuta Mama Gladys. Alikuwa mbali, ameinamia moto, anaupuliza.

Ubao ukalia, ti!

"BULLE, TOKA!"

Hakujua kama alikimbia au aliruka. Alijikuta ameishika miguu miwili, akaivuta kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, na Bulle akatoka chini ya lori kama samaki kwenye ndoana, mgongo ukichimba mtaro mchangani. Ubao ukapasuka, jeki ikaanguka, lori likashuka kwa kishindo kilichotoa vumbi mpaka kwenye masufuria. Mhimili ulikita mchangani pale pale kilipokuwa kifua cha Bulle.

Kisha Mohamednoor akaanza kusema. Na alipoanza, hakuna wa kumzuia.

"Mpumbavu wewe! Ubao wa sabuni! Mtu mwenye akili anaweka lori zima juu ya ubao wa sabuni? Nimekwambia ubao mwembamba, nimekuonyesha kwa mikono, nimetoa ulimi kama mbwa, wewe unaniuliza kifafa! Ungekufa hapa leo, ningekwenda kumwambia nini mama yako? Harusi ya Kafia ingekuwa matanga! Na spana ile si ya nati zile, na gia ya pili huipigi vile, na mashimo hayarukwi, Bulle, mashimo yanazungukwa! Tangu ulipojifunza gari hujawahi kulizunguka shimo hata moja! Na lile la fisi nililosema Garsen, ni kweli, narudia..."

Aliishiwa na pumzi. Alipokuwa akiivuta nyingine ndipo alipogundua jinsi nyika ilivyotulia. Dida alikuwa amesimama na mkanda wake ukidondoka maji. Mama Gladys alikuwa ameweka mikono yote miwili kinywani. Wanawake wa harusi walikuwa wamejipanga kama watu waliokuja kutazama maiti.

Taratibu, Mohamednoor akamgeukia mkewe.

Nurto alikuwa amesimama. Alikuwa ameuvuta mtandio wake mpaka kwenye paji la uso, na ameshika furushi lake la nguo mkononi. Hakulia wala hakupiga kelele. Alitembea mpaka kwa Maalim Abdirahim, ambaye sasa alikuwa ameketi wima kabisa, amepona kwa mshtuko.

"Maalim," alisema. "Niambie nipande lori gani. La mume wangu, au la kaka yangu?"

Hakuna aliyecheka.

"Alikuwa akimwambia mbuzi!" Mama Gladys alipaza sauti ghafla. "Mimi nimeona. Palikuwa na mbuzi chini ya gari."

"Hatuna mbuzi, mama," alisema Maalim kwa upole. "Na mbuzi haitwi Bulle." Akamgeukia Mohamednoor. "Njoo ukae hapa. Nitakuuliza jambo moja tu, na usinijibu upesi. Aliyefanya alichoapia kutokifanya, akijua na akikumbuka, kiapo kimempata. Aliyefanya kwa kusahau, hakikumpata. Sasa niambie. Ulipomwita huyu kwa jina lake, ulikuwa unakumbuka kiapo chako?"

Mohamednoor alifungua mdomo. Jibu la kumwokoa lilikuwa fupi, lilikuwa tayari, na kila mtu pale alikuwa akimwombea alitoe. Lakini Nurto alikuwa akimtazama, na Mohamednoor aliona ya kuwa akilitoa upesi vile, ataishi na mkewe miaka yote bila yeyote kati yao kujua kama wanaishi kwa halali.

"Nilimtafuta Mama Gladys," alisema. "Niligeuza shingo."

Wanawake wakaguna. Mmoja alisema, "Nyamaza, we!"

"Endelea," alisema Maalim.

"Nilipogeuza shingo nilikuwa nakumbuka. Kiapo kilikuwepo. Kisha ubao ukalia." Akalitazama lori. "Ubao ulipolia sikuwa na kitu kichwani, Maalim. Hapakuwa na kiapo, hapakuwa na Garsen. Hata jina langu ungeniuliza nisingelijua."

"Anasema uongo," Bulle alisema, akimwelekea Maalim. Bado alikuwa ameketi mchangani, nywele zimejaa vumbi. "Mtu aliyesahau hawezi kutukana kwa mpangilio namna ile. Ametoka kwenye ubao, akaja kwenye spana, akaja kwenye gia, akaja kwenye mashimo. Hayo ameyahifadhi!"

"Hayo hayo ndiyo niliyokuwa nikiyapima akilini mwangu," alisema Maalim, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Angalieni. Alikuwa ameishika miguu. Kuvuta kulitosha. Mtu anayekikumbuka kiapo angevuta na kunyamaza, maana kuvuta si kusema. Huyu alivuta na kupiga kelele, akamtoa mtu, na akaendelea na kelele mpaka kwenye mashimo. Mtu huyo hakuwa na mke akilini kabisa. Nurto, panda lori la mumeo."

Kelele za shangwe zilizopigwa ziliwatoa ndege kwenye migunga. Mama Gladys alicheza peke yake na mwiko wa chai. Lakini Nurto hakusogea. Alikuwa amekunja uso.

"Kwa hivyo ulinisahau," alimwambia mumewe.

Mohamednoor aliona mtego, akaona pia kwamba hauna mlango wa pili. Akisema hakumsahau, hana mke. Akisema alimsahau, anaye, na ole wake.

"Nilikusahau," alisema kwa sauti ndogo.

"Kabisa?"

"Kabisa, Nurto. Kama vile sijawahi kukuona."

"Miaka sita," Nurto aliwaambia wanawake. "Miaka sita ninampikia, na ubao wa sabuni umemfanya anisahau."

"Mshukuru Mungu, mwanangu," alisema Gladys, "na uushukuru na ubao."

Maalim akainua kidole. "Lakini kiapo chenyewe bado kipo. Hakikuvunjika, wala hakikuondoka. Mohamednoor, ukimsemesha tena sasa hivi, na sasa unakumbuka, basi. Kuna mtu mmoja tu anayeweza kukimaliza."

Wote wakamgeukia Bulle.

Bulle alijitazama viatu. Aliutazama mhimili wa lori uliozama mchangani, na mtaro ule ulioachwa na mgongo wake. Kisha akaenda kuziokota nati, moja moja, akazipangusa kwa shati. Ilionekana kwamba kila nati ilikuwa ikimwambia neno asilolipenda. Dada yake alikuwa amesimama na furushi lake mkononi. Alipoipata nati ya nne hakubakiwa na kitu cha kuokota, akaja akasimama mbele ya Mohamednoor, ana kwa ana, kwa mara ya kwanza tangu hoteli ya chai.

"Jeki yangu si mbovu," alisema. "Ubao ndio uliokuwa mbovu."

Mohamednoor akamtazama Maalim. Maalim akaitikia kwa kichwa.

"Nilikwambia!" Mohamednoor alilipuka. "Sikukwambia? Maalim, sikumwambia? Ubao wa sabuni!"

"Umesema ubao mwembamba. Hukusema mbovu."

"Mwembamba na mbovu, kuna tofauti gani lori likiwa kifuani?"

"Na babu zangu?"

"Babu zako walikuwa watu wazuri. Wangechukua ubao wa lori langu."

Bulle akacheka kwa pua, akatema vumbi, akamshika Mohamednoor bega. Hakusema asante, na Mohamednoor hakuingoja. Wakauleta ubao mnene, wakaitia jeki upya, wakafanya kazi wakibishana kwa sauti kubwa kuhusu kila kitu, mpaka Maalim akasema kwamba kiapo kilikuwa na faida zake. Mikanda ilizungushwa saba, ikafungwa, wakanywa chai wakingoja jua liikaushe. Ngozi ya Dida ilijikaza ikawa ngumu kama jiwe, na Dida akaigonga kwa fimbo yake, akasema, "Ng'ombe mzuri," kwa masikitiko.

Wakati wa kuondoka ulipofika, watu wakapanda. Bulle akatia moto, Mohamednoor akatia moto. Nurto akabaki chini, kati ya malori mawili, furushi lake kichwani.

"Panda, tumechelewa!" Mohamednoor alimwita. "Kafia anangoja."

"Kafia ana mama yake. Shuka kwanza."

Akashuka. Abiria wote wa malori mawili wakainama juu ya mbao za kando ili wasipitwe.

"Nataka neno lako," alisema Nurto. "Mbele ya Maalim, na kaka yangu, na Mama Gladys."

"Unalo!" Mohamednoor alipiga kifua. "Wallahi nakuapia, kama nitawahi tena..."

"Koma!" Watu watatu walipiga kelele pamoja. Maalim alikuwa ameziba masikio.

"Hapana kuapa," alisema Nurto. "Viapo vyako nimevishiba. Sema tu, kama watu wanavyosema."

Mohamednoor akaushusha mkono kutoka kifuani. Bila kiapo alijiona kama aliyevuliwa kilemba sokoni. Alitazama mchanga, akatazama springi iliyofungwa ngozi, akamtazama mkewe usoni, na sauti iliyomtoka, watu wa nyuma ilibidi wanyamaze ndipo waisikie.

"Nurto, sitakuweka tena mahali pa kuku. Nikigombana na Bulle nitagombana na Bulle, kwa jina lake, kwa mdomo wangu, na wewe utakuwa umekaa mahali pako, mbele, upande wa dirisha."